Kuishusha Datsun ya mjomba bila kuinyima kazi

Jirani yangu wa Duga anajenga. Jumamosi moja alikubali kuniazima mifuko minane ya saruji kwa saa tatu, kwa sharti kwamba hakuna hata mmoja utakaorudi umepasuka. Niliipakia kwenye Datsun, pikapu ya mjomba, miwili miwili. Kila nikimaliza miwili naingia uvunguni na rula ya chuma, napima nafasi iliyobaki kati ya ekseli ya nyuma, ule mhimili wa magurudumu, na ile raba ya kugongea iliyofungwa chini ya chasi. Mifuko miwili ikala milimita 14. Minne, 28. Sita, 41. Minane, yaani kilo 400, ikala 55. Namba hizo niliziandika kwa chaki upande wa ndani wa bodi na bado zipo, kwa sababu kila kifaa nilichonunua baadaye cha kuishusha gari ile, yaani ikae karibu zaidi na ardhi, kimetokana nazo.

Ni Datsun 620, toleo lililotengenezwa kuanzia 1972 hadi 1979. Mjomba wangu aliitumia miaka mingi kuchukua machungwa Muheza na kuyaleta Tanga mjini, soko la Mgandini, na nazi kutoka njia ya Pangani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napanda nyuma, juu ya magunia, na tukifika Pongwe nalala kifudifudi ili vumbi lisiniingie machoni. Naipenda gari ile, na sehemu ninayoipenda zaidi ni ule mkunjo wa ubavuni, unaotoka usawa wa taa ya mbele ukapita mlangoni hadi nyuma. Aliyeuchora alitaka gari ionekane inakwenda hata ikiwa imesimama. Lakini ukiiangalia ya mjomba miaka yote hii, mkunjo ule ulikuwa unapanda mlima: nyuma juu, pua chini, kama mtu aliyeinama anachuma mchicha.

Gari bado ni ya mjomba. Nilipomwomba ruhusa ya kuishusha, aliniangalia kidogo, akasema, "Mjomba, ifanye utakavyo ipendeze. Lakini msimu wa machungwa ukifika nitaihitaji, na nitaihitaji kwa kazi."

Basi hilo ndilo lililonifundisha kuchagua vifaa. Watu wengi wanaotaka kushusha pikapu ya zamani wanaanza na picha: wameona gari imekaa chini, wanauliza imeshushwa inchi ngapi, wanaagiza inchi hizo hizo. Ila gurudumu linahitaji nafasi ya kupanda likikuta shimo au tuta. Nafasi hiyo ina mwisho, na mwisho wake ni raba. Kila milimita unayoishusha gari umeichukua kwenye nafasi hiyo, na kila kilo unayopakia inachukua nyingine. Mwenye gari la kupigia picha anaweza kuitumia yote. Mwenye mjomba hawezi.

Nilianzia kwa fundi wa springi Ngamiani, mzee ambaye kazi yake, tangu namfahamu, ni kuongeza majani ya springi, zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Pikapu zote za mizigo za mji huu zimepita mikononi mwa watu kama yeye: springi ikichoka, linawekwa jani, mzigo ukiongezeka, linawekwa jani jingine. Nikamwamkia.

"Marahaba. Leo tunaongeza mangapi?"

"Leo tunapunguza, fundi."

Hakuuliza kwa nini. Alilala chini, akaangaza tochi, akahesabu kwa kidole, akatoka. "Haya mawili ya chini nilitia mimi," akasema. "Si ya gari hii. Yametoka kwenye lori."

Alikata senta bolti, ile inayopita katikati ya majani yote, kwa sababu kutu ilikuwa imeishika isifunguke. Fungu zima la majani likafunguka kama kitabu kilicholowa kikakauka: kati ya jani na jani kulikuwa na unga mwekundu wa kutu, na kwenye jani la tatu ukaonekana ufa mwembamba kama unywele, unaoanzia kwenye tundu la senta bolti kwenda ukingoni. Hewa ya bahari inafanya kazi yake polepole hapa kwetu, na majani mengi yaliyobanana ndiyo mahali pake pazuri, maji ya chumvi yakiingia hayatoki. Fundi alilipiga jani lile kwa nyundo, likatoa sauti butu. Akapiga zima la upande wa pili, likalia kama kengele. Tukatafuta jingine la 620 lenye upana na unene uleule, tukasafisha yote kwa brashi ya waya, tukapaka grisi ya grafaiti, tukafunga kwa senta bolti mpya na bushi mpya.

Gari ikashuka milimita 32 nyuma. Sikuwa nimenunua kifaa hata kimoja cha kushushia. Mwenye pikapu iliyobeba mizigo hapa pwani naomba aanzie hapo, maana nusu ya urefu anaoutaka kuuondoa huenda ni majani ambayo kiwanda hakikuyaweka. Na ile mifuko ya saruji niliipakia baada ya kazi hii, siyo kabla. Ukipima na majani ya lori ndani, unapima gari ambayo si yako.

Sasa nyuma. Kabla ya kununua chochote, lala chini uangalie jambo moja: ekseli imekaa juu ya springi au chini yake? Kwenye Datsun yetu ekseli iko juu ya springi. Gari ya namna hiyo inashushwa kwa kuweka kipande cha chuma, spesa, kati ya springi na ekseli: ekseli inasogea juu kuelekea chasi, na mwili wa gari unashuka kwa kiasi hichohicho. Ikiwa ekseli iko chini ya springi, spesa hiyohiyo itainyanyua gari. Hapo wanaotaka kushusha huihamisha ekseli ikae juu ya springi, kazi kubwa inayohitaji kuchomelea viti vipya vya springi kwenye ekseli, na inashusha kwa inchi nyingi kwa mkupuo. Njia ya tatu ni kuyanyoosha majani yapoteze upinde. Fundi mwenye mkono anaweza, akilipiga likiwa baridi, lakini jani lililonyooshwa vibaya linarudi juu au linapasuka, na huwezi kujua lini.

Nikachagua spesa. Ukubwa gani? Hesabu ilikuwa ya mtoto wa darasa la nne. Gari tupu, nafasi kati ya ekseli na raba ni milimita 120. Spesa ya inchi tatu, ile ambayo kila mtu aliniambia ndiyo "inakaa vizuri", ni milimita 76. Inabaki 44. Nikiangalia chaki yangu, mifuko sita inakula 41. Ukitia wa saba, ekseli imeshakaa kwenye raba na gari haina springi tena, ina mpira tu. Inchi mbili, milimita 51: kwa mifuko minane inabaki 14. Inchi moja na nusu, milimita 38: gari tupu inabaki 82, na kilo 400 zikiwa nyuma inabaki 27. Nikaenda na moja na nusu. Niliona uchungu, siwezi kuficha, kwa sababu picha ya inchi tatu nilikuwa nayo kichwani muda mrefu.

Spesa za kwanza nilizinunua kwa mtu anayeuza vipuri kwa simu. Zilikuwa nzuri machoni, alumini iliyong'arishwa. Kichwa cha senta bolti kinatakiwa kizame kwenye tundu la chini la spesa bila kucheza, na pini ya juu ya spesa izame kwenye tundu la kiti cha ekseli vilevile, kwa sababu vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoishika ekseli isisogee mbele wala nyuma. Pini zile zilikuwa nyembamba kuliko matundu kwa milimita tatu hivi. Niliona, nikajiambia yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana ekseli na springi, zitashika. Hazikushika. Siku ya tatu rafiki yangu aliyekuwa nyuma yangu na pikipiki njia ya Raskazone akanipigia honi, akaniambia gari inakwenda upande kama kaa. Tulipopima, ekseli ilikuwa imerudi nyuma milimita nane upande wa kushoto. Muuzaji nilipompigia alisema mimi ndiye niliyefunga vibaya, na pesa haikurudi.

Tangu hapo kauli yangu ni kwamba spesa inanunuliwa kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo, mkononi. Mimi nilikwenda kwa fundi wa lethi, mashine ya kuchongea chuma, mtu aliyejifunza kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Alipima kichwa cha senta bolti, akapima tundu la kiti cha ekseli, akachonga vipande viwili kutoka kwenye chuma kizima, pini imetoka kwenye chuma hichohicho, haikuchomelewa. Nilipoijaribisha iliingia kwa kusukumwa na kiganja, ikatoa sauti ya hewa inayobanwa. Sauti ile ndiyo niliyokuwa nimeilipia.

Yubolti nazo ni za kununua mpya, na ndefu kuliko za zamani kwa urefu wa spesa. Zilizokwishakazwa zimeshavutika, hazishiki tena kama mwanzo. Na tafadhali, usikubali yubolti iliyokunjwa kwa nondo ya kujengea. Nimeziona mtaani. Nondo imetengenezwa ilale ndani ya zege, na ukiichonga uzi wa kufungia nati, uzi huo unaliwa mapema. Ukishafunga, kaza kwa zamu, pembe kwa pembe, halafu baada ya kilomita mia mbili tatu kaza tena. Zangu zilikubali robo mzunguko.

Kuhusu shokapu za nyuma nilikuwa najiandaa kununua fupi, nikagundua sihitaji. Kwenye gari yetu mguu wa chini wa shokapu umefungwa kwenye bamba lililo chini ya springi, siyo kwenye ekseli. Spesa ikiingia juu ya springi, bamba halisogei, na shokapu haijui kuwa kuna kilichobadilika. Ingekuwa imefungwa kwenye ekseli, ingefupishwa kwa milimita 38 zote na ningehitaji nyingine. Anayekuuzia seti kamili hawezi kukwambia hili kama hajalala chini ya gari yako.

Mbele ni habari nyingine kabisa. 620 haina koili, springi ya kujizungusha, mbele. Ina tosheni baa, chuma kirefu cha mviringo kilicholala sambamba na chasi: upande mmoja kimeshikwa na mkono wa chini wa gurudumu, upande mwingine kimeshikwa kwenye chasi na bolti ya kurekebishia. Gurudumu likipanda, chuma kinajisokota, na kule kujisokota ndiko kunakotoa nguvu ya springi. Ukilegeza bolti, pua ya gari inashuka hapohapo, bila kununua kitu. Ndiyo maana watu wanaipenda, na ndiyo maana inaharibiwa: kitu cha bure kila mtu anakitumia hadi mwisho.

Nilipima tena. Raba ya mbele inagusana na mkono wa chini mahali palipo ndani zaidi kuliko gurudumu, kwa hiyo gurudumu likipanda milimita 10, nafasi kwenye raba inapungua kama 6 tu. Nafasi niliyoikuta kwenye raba ilikuwa 45, maana yake gurudumu lilikuwa na milimita 75 za kupanda. Nikalegeza hadi pua iliposhuka 30. Zikabaki 45 kwenye gurudumu, 27 kwenye raba. Gari ikakaa sawasawa, mkunjo wa ubavuni ukawa mstari mmoja mlalo. Nilirudi nyuma hatua kumi, nikakaa juu ya tairi la akiba nikaitazama tu hadi adhana ya alasiri.

Kuna anayetaka kwenda chini zaidi akaambiwa anunue tosheni baa nene ili gari isigonge. Si uongo, lakini ajue anachonunua. Ugumu wa chuma kinachojisokota unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Kutoka milimita 20 kwenda 22, tofauti ambayo jicho haliioni, ugumu unaongezeka kwa asilimia 46. Kwenye lami ya kutoka hapa hadi Segera ungeifurahia. Kwenye njia za ndani za Muheza, pua ikiwa nyepesi na barabara imechimbwa na mvua, meno yatagongana. Nilibaki na za kiwandani. Ukizitoa kwa sababu yoyote, weka alama ya kulia na kushoto, maana kila moja imezoeshwa kusokotwa upande wake na hazibadilishani.

Mambo ya mbele yanayohitaji pesa hasa ni yale ambayo hayaonekani kwenye picha. Boljointi na tairodi, yaani viungo vya gurudumu na vyuma vya usukani, mpya kabla ya kushusha, kwa sababu ukishashusha pembe zake zinabadilika na iliyochoka itachoka zaidi. Bushi za mkono wa chini, zile raba zilizo kwenye kiungio chake, mpya, na hapa nina ombi: nati za bushi hizo zisikazwe gari ikiwa hewani kwenye jeki. Raba ya bushi imegandamana na chuma chake. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, siku zote gari ikiwa chini raba itakuwa imesokotwa, inaipandisha pua kidogo na itachanika mapema. Shusha gari, ikalie matairi yake, itikise, ndipo ukaze. Halafu alaimenti siku hiyohiyo. Pua ikishuka, matairi yanaegemea ndani kwa juu na mwelekeo wa ncha zake za mbele unabadilika, na tairi la mbele linaweza kuliwa ukingo mmoja kabla hujamaliza kusifiwa.

Wenye gari za koili mbele, kama Peugeot 504 pikapu, wataulizwa kama koili zikatwe. Koili ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, yenye mizunguko minane inayofanya kazi ukikata mmoja ugumu unaongezeka kama asilimia 14, na kwa kiasi kidogo jambo hilo linasaidia. Kukata kwa msumeno au diski, sawa. Kuipasha kwa gesi ili ilale, hapana, kwa gari ya mtu yeyote. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa. Moto wa gereji unaufuta, na koili itaendelea kulala hadi siku itakapokatika.

Kipimo kimoja nilikichukua mbali. Mwaka 1958 jimbo la California, Marekani, lilikuwa na sheria iliyokataza gari kuwa na sehemu iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu zake. Vijana wa huko waliopenda magari ya chini walibanwa, na mwaka 1959 Ron Aguirre akafunga pampu za haidroli kwenye Corvette yake ili aishushe na kuipandisha apendavyo. Ujanja ule ni mzuri, ila mimi nimeipenda sheria yenyewe. Tairi likipasuka, gari inakalia rimu. Kama kuna bolti, bomba la moshi au mguu wa shokapu ulio chini ya mstari huo, ndio utakaoshika lami, na stelingi haitakusikiliza. Nilifunga uzi kutoka rimu hadi rimu, mbele na nyuma, nikauvuta usawa wa chini kabisa wa chuma. Ncha za yubolti mpya za kulia zilikuwa karibu mno na uzi. Zilikuwa zimezidi nati kwa kidole kizima, nikazikata.

Msimu ulipoanza, mjomba alikuja asubuhi na kofia yake, akazunguka gari mara mbili. Aliweka kiganja kwenye ubavu, akakipitisha kwenye mkunjo wote hadi mwisho. Hakusema kitu, akafungua mlango wa abiria akaingia.

Kabla hatujaondoka nilimwomba mke wangu unga kidogo wa chapati, ule aliokwishaukanda. Nilitengeneza madonge manne, kila moja nene kama sentimita tatu, nikayabandika kwenye raba nne za kugongea na kuyapaka mafuta kwa juu yasing'ang'anie chuma. Donge la unga linakumbuka. Linabonyea kadiri chuma kilivyolikaribia na halirudi, kwa hiyo ukirudi nyumbani linakwambia gurudumu lilibakiza nafasi kiasi gani mahali pabaya kuliko pote ulipopita.

Tulipakia matenga manane. Tulikuwa tumelipima moja kwenye mizani ya mnunuzi, kilo 50 kasoro kidogo. Barabara kubwa ilikwenda vizuri kuliko nilivyowahi kuikumbuka gari ile, haikuyumba tulipopishana na malori, na kwenye matuta nilipita taratibu, upande mmoja kwanza. Pabaya palikuwa kabla ya lami, kwenye kijito kilichokata njia. Pale nyuma iligonga mara moja, kwa sauti nzito. Mjomba alinitazama, nikasema nimesikia.

Nyumbani niliingia uvunguni kabla ya kunywa maji. Madonge ya mbele yalikuwa na unene wa milimita tisa. Ya nyuma yalikuwa yamelala, membamba, unaweza kuiona rangi nyeusi ya raba kupitia kwenye unga. Niliyatoa nikayaweka kwenye kiganja, nikampelekea mjomba aliyekuwa ameketi barazani. Nikamweleza kuhusu chaki: mifuko minane inabakiza 27, sita inabakiza 41.

Aliyageuza yale madonge kwa kidole.

"Basi matenga sita," akasema. "Na pale kwenye kijito nitashuka nitembee."